Karata za Mchana

Rafiki yangu kinyozi ndiye aliyemfundisha mdogo wake karata za ishirini na moja: ukiwa na jumla ya kumi na sita, mgawaji akionyesha kumi, omba karata, akionyesha sita, tulia. Mdogo mtu akanogewa, akacheza kasino bila kula wala kulala mpaka moyo ukasimama palepale mezani. Tangu mazishi, kinyozi hathubutu kumtazama mama yao usoni.

Mchana mmoja akaenda kasino kuchukua koti la marehemu.

“Pole, kaka,” mlinzi alimwambia. “Ingia tu, hamna mtu.”

Ndani hamna madirisha, giza totoro. Akasikia karata zikichanganywa, kisha kidole kikigonga meza, kama mtu anayeomba karata.

“Basi, mdogo wangu,” akasema akilia. “Twende nyumbani.”

Halafu kiti kando yake kikavutwa taratibu, kama anakaribishwa kuketi.