Chimène Amekwenda Kupiga Kura

Honi. Moja ndefu, halafu fupi fupi, kama za harusi. Nilizisikia nikiwa bado nafunga tai, kabla gari halijakunja kona ya mtaa wetu wa Riverside, hapa Buffalo.

"Elie! Watu wa Louisville wamefika!" aliita shangazi Veridiana kutoka jikoni. "Na fiancée wako yuko wapi?"

"Yuko njiani."

Nilidanganya. Chimène, mchumba wangu, alikuwa Hamilton, ng'ambo ya mto, kwenye foleni ya kura za Kanada. Ilikuwa Jumatatu, Oktoba 2015. Kwa desturi wazee wangu ndio wangekwenda kwao kumposa, ila karatasi zetu za ukimbizi hazikuturuhusu kuvuka daraja, basi kwao wakakubali kuja kwetu. Mjomba wake Nshombo, aliyemlea, alikuwa amekwisha kufika. Alibaki Chimène mwenyewe. Na kwetu wazee hawagusi chakula wala kinywaji mpaka binti asimame mbele ya watu wote aulizwe: Unamjua mtu huyu? Asipojibu kwa mdomo wake, hakuna ndoa.

Baba mdogo Balagizi aliingia akinyoosha mgongo. Alikuwa ameendesha kutoka Louisville, akapitia Columbus kuwachukua wazee wengine. Akatazama sufuria za sombe, kisamvu chetu, akatazama mlango.

"Bon, haya. Binti aitwe."

Nilitoka uani na simu.

"Chimène, uko wapi?"

"Bado niko hapa. Nimemleta bibi Margareta, yule ninayemtunza. Kiti chake cha magurudumu kimekwama mlangoni, watu wanasaidia."

"Leo? Siku yetu?"

"Ni kura yangu ya kwanza, Elie."

"Siasa za Kanada! Watu wanagombana huku wakiombana radhi. Usipopiga, utakosa nini?"

"Usicheke. Hawapigi kelele, lakini wamechoka, wengine wana hofu. Jirani yangu wa juu anasema wakimbizi wa Siria wakija wengi, hospitali zitajaa. Wa chini anasema anaona aibu, nchi yake imeanza kuogopa wageni. Na wote wawili hunikaribisha chai! Mimi nami nina la kusema."

"Sema utakavyo. Wazee wana njaa."

Nilikata. Mimi ni mtu wa beti; nikikasirika, vina huja vyenyewe. Nikaandika, nikatuma:

*Baki na sanduku lako, nalo likuoe basi;*
*wazee wetu na wako, warudi kwao upesi.*

Nikarudi ndani kwa wazee.

Saa zikaenda. Sombe ikapoa, ikapashwa moto, ikapoa tena.

"Donc, kwa hiyo tunaposa kiti kitupu?" aliuliza baba mdogo. Baadhi ya watu walicheka. Nshombo hakucheka. Baba mdogo akachukua funguo za gari. "Kesho asubuhi nina zamu ghalani. Elie, mtoto wangu, twende. Wasichana wapo hata Louisville."

Simu ikalia mkononi mwangu, nikatoka nayo uani.

"Nimesoma shairi lako," alisema Chimène. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Nisikilize, halafu ukate. Uliniambia baba yako alikwenda kupiga kura kule kwetu, wakamrudisha amebebwa. Kwa sababu jirani alijua amechagua nani."

Nikaegemea ukuta wa uani.

"Mimi na Margareta hatukuchagua chama kimoja. Aliniambia mwenyewe, nami nikamwambia changu. Akanuna kidogo. Kisha akanishika mkono, nikamsukuma hadi nyumbani. Hiyo tu, Elie. Hakuna aliyekufa. Nilitaka wewe uwe wa kwanza kusikia."

Nikaona blanketi lile walilombebea baba, na miguu yake ikining'inia nje.

"Uko wapi sasa?"

"Foleni ya darajani. Niambie kama nigeuze gari."

"Usigeuze."

Niliingia ndani, nikasimama mbele ya mlango. Mimi ambaye sijawahi kumwomba mtu kitu, nikapiga magoti kwa baba mdogo.

"Mnisubirie mke wangu, baba. Mimi ndiye niliyemtukana, si yeye aliyewadharau."

Alinitazama sana. Kisha akarudisha funguo mfukoni, akaketi.

Chimène aliingia na nguo za kazini, viatu vyeupe vya kazini, kitenge kimefungwa haraka kiunoni. Akawasalimu wazee wote, mmoja mmoja. Mimi akanipita.

Nshombo akauliza, "Mtoto wangu, unamjua mtu huyu?"

Hata shangazi Veridiana alichungulia kutoka jikoni.

"Nilidhani namjua," alisema Chimène. "Leo ameniambia niolewe na sanduku la kura."

Minong'ono ikaanza. Nikasimama.

"Nilisema hivyo. Nilimwona anakwenda mahali ambapo baba yangu hakurudi mzima, nikaogopa. Kwa kuwa naona haya kuogopa, nikatukana."

Alinitazama kwa mara ya kwanza. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Huyu ndiye ninayemjua," alisema taratibu. "Ndiyo, mjomba. Namjua."

Vigelegele vikaanza jikoni, Nshombo akavizima kwa mkono.

"Bado. Wewe kijana, mdomo wako ni mkali. Huyu ni mtoto wa marehemu dada yangu. Mimi unaniambia nini?"

Nilimwendea, nikaushika mkono wake kwa mikono yangu yote miwili, nikasema kwa sauti ili hata walioko jikoni wasikie:

"Mjomba, nyumbani kwangu Chimène hataomba ruhusa ya kuwa na mawazo yake. Tutabishana. Siku akichagua nisichopenda, mimi ndiye nitakayempeleka kupiga kura, na nitamngoja mlangoni hadi atoke."