Simu Iliyoita Ndani ya Lori

Asubuhi hiyo yadi ya malori ilikuwa imefurika, honi juu ya honi, wapakiaji wakigombea kivuli. Fundi wa maturubai alikuwa amepiga magoti, kitambaa cha njano kichwani, akipima kiraka, aliposikia kiatu kikikanyaga kazi yake.

"Hapo unapokanyaga ni ofisini kwangu," alisema bila kuinua kichwa.

"Samahani, bosi. Sikuona mlango."

Alipomtazama alimkuta dereva mrefu, shati la drafti limepigwa pasi kama la mtu anayekwenda harusini, suruali imejaa grisi magotini. Turubai lake la kijani lilikuwa limechanika upande mzima. Fundi alilitia kiraka cha bluu kwa sababu kitambaa cha kijani kilikuwa kimemwishia, na kwa sababu alitaka kulitambua lori hilo likipita, ingawa hili la pili hakumwambia mtu.

Likawa linapita na kusimama mwaka mzima. Dereva alichukua mizigo bandarini kuipeleka ng'ambo ya mpaka, na kila akirudi turubai lilikuwa na tundu jipya. Fundi alimuuliza kama anayatoboa mwenyewe kwa bisibisi, naye hakukana. Simu zao zilirefuka hata mama mdogo, aliyemlea fundi na kulala naye chumba kimoja, akawa anajiziba masikio kwa mto. Walikubaliana kwamba akirudi kutoka safari iliyofuata, angekuja na wazee wake kuposa.

Akaondoka, na nyuma yake ukaingia ugonjwa na amri zake. Bandari ilipooza, meli zikakaa majini na shehena zake. Uzi mnene wa kushonea maturubai ukaadimika kama dawa. Muuza nyuzi wa mtaa wa pili, mgane mpole, wateja wengine aliwaambia umekwisha, kumbe anamwekea fundi mabunda ya mwisho chini ya kaunta.

Dereva alikuwa kimya. Leo simu yake haipatikani, kesho inaita bila kupokelewa. Fundi alimtetea kwa mama mdogo mpaka maneno yakamwishia.

Alasiri moja aliliona lori. Kiraka kilekile, likijivuta kwenye foleni mbele ya geti la yadi. Alikimbia kando yake akipunga mikono yote miwili. Vioo vilikuwa vimepandishwa, na aliyeshika usukani alikuwa amevaa kofia na barakoa iliyopanda hadi chini ya macho. Alimtazama, kisha akatazama mbele. Fundi akapiga simu palepale, akitembea sambamba na mlango. Alimwona akishusha uso kwenye kitu kilichowaka karibu na usukani. Hakupokea. Foleni ilipofunguka, akakanyaga mafuta.

Wiki iliyofuata ikawa vilevile.

"Amekuona, akakupita," alisema mama mdogo. "Unataka akuandikie barua?"

Fundi aliifuta namba. Muuza nyuzi alipoleta posa, aliikubali haraka, kama mtu anayebamiza mlango ili asikike nje. Ndoa ilihudhuriwa na watu wachache, kwa amri ya serikali, na bibi harusi alishukuru kimoyomoyo, kwani alikuwa na uso wa msibani.

Amri zilipolegezwa, dereva aliingia yadini kwa miguu. Shati lilimpwaya. Alimweleza kwamba walipofika ng'ambo madereva wote waliteremshwa kupimwa, yeye akakutwa na ugonjwa, akafungiwa karantini. Tajiri mwenye lori alituma dereva mwingine kuliendesha lori. Hata alipopona hakuweza kurudi, maana mizigo ilikuwa na ruhusa ya kuvuka mpaka, watu hawakuwa nayo.

"Na simu?"

"Ilibaki kwenye lori, kwenye chaji. Injini ikiwashwa, inawaka. Yule mwenzangu aliogopa hata kuigusa, tuliambiwa vitu vya mgonjwa visishikwe. Namba yako ilikuwa humo, mpenzi. Kichwani sikuwa nayo."

"Mwaka mzima unanipigia, hukuishika?"

"Nilikuwa nabonyeza jina lako tu."

Hasira zilimpanda fundi. Alimwambia jinsi alivyokimbia kando ya lori lake mbele ya watu, akampungia kama kichaa, naye akamtazama na kuondoka.

Dereva alitazama kidole cha fundi. Alikuwa ameshaiona pete.

"Ulidhani yule ni mimi?"

"Lori lako, kofia, barakoa. Ningedhani nani?"

"Umenitazama machoni mwaka mzima," alisema taratibu. "Barakoa haizibi macho."

Fundi aliinamia sindano yake. Jua lilikuwa kali siku ile, vioo vilikuwa na vumbi, naye alikuwa anakimbia. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililotosha. Alimpenda bado.

"Mumeo ni mtu mwema?"

"Ni mwema."

"Basi," alisema dereva, akaondoka kwa kupita kati ya malori.

Muuza nyuzi alipokuja kumchukua mkewe, alimkuta ameketi juu ya turubai, uso umelowa. Akamuuliza nani amemliza. Fundi akamwambia amejichoma sindano, na mume wake akachuchumaa, akakishika kidole alichoonyeshwa, kisicho na jeraha, akakipuliza.