Jina la Mwenyeji

Jumapili asubuhi Chiriku alibisha hodi kwenye mlango wa chumba chake mwenyewe.

"Hodi," alisema, amesimama na kikombe cha maziwa mkononi. Akangoja. Kisha akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyejibiwa, akavua ndala zake, akaingia.

Mama yake alikuwa koridoni na kapu la nguo chafu, akacheka. Mtoto wa miaka sita ana michezo yake, na huyu hakuitwa Chiriku bure. Alikuwa anaongea tangu anapofumbua macho mpaka usingizi unapompitia: anaongea na mswaki, anaongea na sabuni, nzi akitua mezani anaulizwa habari za nyumbani kwao. Kilichomsimamisha mama ni kwamba mlango ulipofungwa hakusikia neno. Akatega sikio. Hakuna. Akajiambia, aah, anakunywa maziwa. Binadamu tuna kipaji cha kujidanganya, jamani, hasa tukiwa na nguo za kufua.

Sasa tuirudie Jumamosi, maana ndiko uchokozi ulikoanzia.

Mama Chiriku alikuwa mfasiri. Alifanyia kazi nyumbani, kwenye chumba kidogo cha nyuma chenye meza, viti viwili, kamusi saba na feni inayolalamika. Kompyuta yake ilikuwa na mfumo wa Linux tayari na ilikwenda vizuri tu, ila ofisi moja ilimtaka atumie programu yao ya kufasiria, nayo ikagoma kwenye mfumo ule. Hakutaka kuvuruga kinachofanya kazi. Akaamua kusakinisha Linux ya pili, toleo ambalo programu ile inalikubali, kwenye diski ya nje: akitaka ya ofisi anachomeka, akitaka yake anachomoa. Wazo zuri kabisa, huwezi kumlaumu. Diski aliipata kwa Waya, fundi wa kompyuta aliyekonda mpaka jina likamng'ang'ania. Ilikuwa nyeusi, nzito kuliko umbo lake, na mgongoni mtu alikuwa amebandika karatasi na kuandika kwa wino: MALI YA KIMYA.

"Kimya ndiye nani?" alimuuliza Waya.

"Sijui, dada. Ilikuja na vitu vya nyumba fulani. Wenyewe walihama ghafla, hata sufuria waliacha jikoni."

Hapo mwenye akili angeuliza swali la pili. Yeye alishukuru, akaondoka nayo.

Sisi wengine tukisakinisha kitu tunabofya Kiingereza tumalize shughuli. Yeye alichagua Kiswahili, maana wafasiri wana wivu kama wapishi: alitaka aone wenzake wameharibu wapi. Akawa anasonya na kucheka peke yake, hili sawa, hili ovyo, hili nani kawatuma. Ndipo likaja swali: *Jina la mwenyeji?*

"Mwenyeji wa nini tena?" alisema. "Hawa wanataka kusema mwenye diski. Kiswahili kimewashinda."

Akaigeuza diski, akasoma karatasi, akaandika: kimya. Jina la mtumiaji akaandika: mama. Mwisho akaulizwa kiwashio, kile kinachoiamsha kompyuta, kiwekwe diski ipi, na orodha ilikuwa na diski mbili zenye majina yanayofanana kama mapacha. Akabofya ya juu. Ya juu ilikuwa ya ndani ya kompyuta. Kwa hiyo mfumo wa pili ulilala nje kwenye diski, lakini mlango wa kuwashia kompyuta nzima ukawa mikononi mwa mfumo huo.

Skrini ikawa nyeusi, kisha yakatokea maandishi meupe: mama@kimya.

Mumewe alikuwa fundi bomba. Alirudi jioni ile na mikono inayonuka gundi ya mabomba, akachungulia juu ya bega la mkewe.

"Hiki kiduara chenye mkia kinasomwaje?"

"Soma 'kwa'. Mama, kwa Kimya."

"Kwa Kimya ndiyo wapi?"

"Si mahali, Baba Chiriku. Ni jina la diski tu."

"Diski nayo ina kwake?" Akacheka, lakini kicheko kiliishia mdomoni. Wakati wa kula alimtazama mkewe mara mbili tatu, na mkewe akajifanya hajaona.

Basi ndiyo Jumapili ikaingia na ile hodi. Siku nzima Chiriku hakusema maneno kumi. Jumatatu hakusema hata moja. Paji la uso lilikuwa la baridi, chakula alikula, akiitwa anakuja. Sauti tu ndiyo haikuwepo, na nyumba bila sauti ile ilikuwa kubwa, na ndani ya ukubwa huo diski ilisikika mpaka jikoni: ti, ti, ti.

Jumatatu hiyohiyo baba alirudi mapema, saa tisa mchana, jua kali. Alipofika koridoni alisikia mwanamume anakohoa chumba cha nyuma. Kikohozi cha mtu aliyekaa vizuri, aliyeshiba. Akausukuma mlango bila kubisha. Mkewe alikuwa peke yake mbele ya kompyuta. Baba alimpita. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiti cha pili, akaweka kiganja juu ya mto. Ulikuwa wa moto.

"Nani katoka hapa?"

"Hakuna aliyetoka."

"Kwa hiyo bado yupo?"

"Unanifikiriaje wewe?" Mama Chiriku alikasirika, maana naye alikuwa na lake moyoni. "Na wewe niambie, hii harufu unaileta kutoka wapi? Tangu juzi shati zako zinanuka makaratasi yaliyoloa na manukato ya kizamani. Unazibua bomba za nani?"

"Mimi? Harufu inatoka humu humu!"

Waligombana hivyo kwa dakika kumi, kila mmoja ana ushahidi, mpaka mama akanyamaza katikati ya neno.

"Baba Chiriku. Mbona tunanong'ona?"

Ni kweli. Ugomvi wote ule walikuwa wanaunong'ona.

"Si tusije tukamsumbua," alisema mumewe.

"Tukamsumbua nani?"

Baba alitazama kiti cha pili. Wakatazamana, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi hawakushukiana wao kwa wao.

Jumanne asubuhi mama alichomoa diski. Aliuvuta waya, akaizima kompyuta, akaiwasha tena, akitegemea mfumo wake wa zamani. Skrini ikabaki nyeusi, halafu mstari mmoja: *Mwenyeji hayupo. Wageni wasubiri.* Hapo hapo akasikia kishindo sebuleni. Alimkuta Chiriku sakafuni chini ya kiti, macho wazi, midomo imeanza kuwa ya bluu, kifua hakipandi wala hakishuki, na mama akamtikisa, akampulizia, akaita majina yake yote, la nyumbani na la shuleni, na alipoona hakuna jibu alifanya jambo ambalo hata leo hawezi kueleza alilijuaje: alimwacha mtoto pale chini, akakimbia chumba cha nyuma, akauchomeka waya. Ti, ti, ti. Sebuleni mtoto akavuta pumzi ndefu, akainuka, akapangusa magoti.

Mama alimpigia Waya simu. Habari za mtoto hakumwambia.

"Kiwashio umekiweka ndani, dada," Waya alimweleza. "Sasa kompyuta haiamki bila ile diski. Ni kama umempa mpangaji funguo za mlango wa mbele. Kinarekebishika hicho, usijali. Jina la mwenyeji ulijaza nini?"

"Kwa nini?"

"Watu wengi wanapakosea pale. Mwenyeji pale ni mashine yenyewe. Nyumba, tuseme. Anayepewa jina lile ndiye mwenye nyumba, na wengine wote mnaoingia mnakuwa mmefikia kwake."

"Nilijaza sawasawa," alisema, akakata simu.

Alijaribu kulibadilisha jina lile mwenyewe. Alifungua faili husika, akafuta kimya, akaandika jina la ukoo wa mumewe, akahifadhi, akazima na kuwasha. Jina la mwenyeji lilirudi vilevile. Kilichobadilika kilikuwa upande wa pili wa kiduara: mgeni@kimya.

Jumatano baba hakwenda kazini. Aliamka akafagia uwanja wote bila kuombwa, akapasua kuni ambazo hazikuhitajika, kisha akasimama mlangoni mwa jikoni, kofia mkononi.

"Samahani," alimwambia mkewe kwa upole. "Naomba maji ya kunywa, kama si usumbufu."

"Baba Chiriku, glasi si hizo hapo!"

"Vya watu lazima uombe," alisema. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Alisema kama anatania, ila jasho lilikuwa linamtiririka na macho yalikuwa yanaomba msaada.

Jambo moja tu ndilo lililompa mama moyo siku hiyo: Chiriku hakubisha hodi tena. Alipita milango yote bila kungoja, ndala miguuni kama aliye kwake, hata mlango wa chumba cha nyuma. Mama akaona mtoto anapata nafuu.

Alhamisi saa tatu asubuhi akaja mganga. Jirani ndiye aliyewaelekeza. Alikuwa mama mfupi mwenye mkoba kama wa karani na miwani iliyofungwa uzi, asiye na mbwembwe, na alipovuka kizingiti tu alikunja pua.

"Hili jini lina siku nyingi?"

"Tano," mama alinong'ona.

"Jini la kuota mizizi kwa siku tano? Haliji hivyo bila mlango. Mwenye nyumba nani hapa?"

Baba Chiriku alitazama koridoni, kuelekea chumba cha nyuma. "Yupo ndani," alisema. Mganga alikuwa anatafuta bakuli mkobani, akadhani anajibiwa utani, akaendelea.

"Nisikilizeni vizuri, maana kisomo changu kinafuata mlichofanya. Mlimkaribisha? Mlimpa chochote, chakula, jina, ahadi?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Mama Chiriku alimtazama mwanawe aliyekaa kwenye kochi miguu haifiki chini, na neno likamjia mpaka kwenye ulimi. Lakini aliishi kwa maneno, miaka ishirini anasahihisha ya wenzake, na sasa aseme mbele ya mumewe na mgeni kwamba neno ambalo kila mtoto analijua lilimpiga chenga? Angesema baadaye, jini likishatoka, wacheke pamoja.

"Hatujampa kitu," alisema.

"Basi kazi nyepesi. Mtoto ataongea kabla sijamaliza chai yenu."

Mganga alifungua milango yote, akajaza maji bakulini, akafumba macho, akaanza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayesoma tangazo.

"Nyumba hii ina mwenyeji wake. Aliye mwenyeji akae kwa amani. Aliye mgeni, miguu yake imtoe, asikanyage tena humu. Moja."

Chumba cha nyuma mtu akakohoa.

"Aliye mwenyeji akae kwa amani. Aliye mgeni..."

Mfasiri alilisikia neno. "Mama, ngoja!" alipiga kelele. "Usiseme mwenyeji! Mwenyeji nilimwandika yeye!" Lakini kelele ile ilitoka mnong'ono, kama kila alichosema yeye na mumewe ndani ya nyumba ile tangu Jumamosi, na mganga, macho yamefumbwa, akasema mbili, akavuta pumzi, akasema tatu.

Miguu ya Baba Chiriku ilianza kwanza, ikageuka kuelekea mlangoni huku kiwiliwili chake kikiwa bado kinatazama mtoto, kisha ya mganga mwenyewe, bakuli likimdondoka, "Mbona na mimi, mbona na mimi, mmenificha nini nyie watu?", kisha ya mama, ambaye alishika kochi na kochi likamtoka, akashika pazia na pazia likachanika, akashika mkono wa Chiriku na mkono ule ukatulia tu kwenye kiganja chake bila kumshika, na miguu ikamvuta, hatua moja, hatua nyingine, sebule, kizingiti, ngazi, jua la saa nne likampiga usoni, mpaka walipofika getini wote watatu ndipo miguu ikawa yao tena, wakaanguka vumbini.

Mama aliinuka wa kwanza, akakimbia kurudi. Kwenye ngazi mguu ulikataa. Akaunyanyua kwa mikono miwili kama gogo, ulikataa.

"Chiriku! Njoo, mwanangu. Njoo kwa mama!"

Mtoto alikuja mpaka mlangoni. Hakuwa ametamka neno tangu Jumapili. Akaushika mlango, akageuza kichwa ndani kidogo kama anayeelekezwa la kusema, akaitikia. Halafu akawatazama wote watatu, akatabasamu kwa adabu, tabasamu la kuwapa watu usiowajua.

"Asanteni kwa kuja," alisema. "Karibuni tena."

Akafunga mlango, na kutoka ndani wakasikia ufunguo ukizungushwa mara mbili.