Posa ya Shangazi Clara

"Toronto siji, Dorotea. Na posa yako sipokei."

Simu ilikuwa kwenye spika. Dismas, amesimama jikoni kwa mchumba wake pale Lawrence Heights, Toronto, na mwiko wa ugali mkononi, alisikia kila neno.

"Shangazi, baba hayupo tena. Nimebaki na wewe tu."

"Ndiyo maana nakwambia ukweli, mwanangu. Baba yako aliirudisha posa ya mume wangu. Alisema dada yake haolewi na mzungu mfuga kondoo. Tukafunga ndoa bomani, ukoo mzima ukanisusa. Mwanamke ambaye mahari yake haikupokewa ataketije kupokea ya mwingine? Kwenu mimi bado sijaolewa."

Simu ikakatika. Dorotea akalia kama mtoto. Mwaka huo wa 2011 alikuwa na kazi nzuri ya kutunza wazee na mwanaume aliyempenda waziwazi, lakini wazee wa Dismas kule Markham walishasema barua ya posa haipelekwi kwenye nyumba isiyo na mtu wa kuipokea. Mashoga zake walimshauri atafute shangazi wa kuazima kanisani, wapo tele na vigelegele wanajua. Alikataa. Hakutaka kuolewa kama asiye na kwao wakati shangazi yake yu hai.

Kesho yake, akiwa kazini, meseji ya Dismas ikaingia:

"Nimeomba likizo. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Tunamfuata shangazi yako Uingereza, wote wawili."

Jamani, wanaume wengine Mungu huwaumba siku ametulia.

Waliingia Haldersby Jumatatu, siku ya soko. Ni kamji ka bara, mbali kidogo na maji. Ukitazama juu unaona nyika isiyo na miti, imejaa maua ya zambarau na kondoo; ukipanda basi la upande wa pili, baharini si mbali. Shangazi Clara alikuwa nyuma ya meza ya mayai na jibini, amevaa koti la mumewe, anagombana na wateja kwa Kiingereza cha huko ambacho Dismas hakuambulia hata nusu.

"Shikamoo, shangazi."

Mama wa watu akaangusha trei nzima ya mayai. Alimkumbatia Dorotea, akalia, akammiminia chai, akamlisha. Ila kuhusu posa hakulegeza kamba. Alisema hana kinyongo, lakini mila haidanganywi.

Mumewe, Mzee Wilf, mtu wa maneno machache, alikuwa akipita na kumfunga mkewe vifungo vya koti kila upepo ulipovuma. Dorotea alimtazama sana. Moyo ukamuuma kwa alichotendewa mzee yule, kisha akamvuta Dismas pembeni wakanong'ona. Dismas akamfuata Wilf, wakaongea kwa muda mrefu. Mzee akavua kofia, akajifuta macho.

Baadaye kidogo, katikati ya soko, Dorotea akageuza kreti mbele ya meza ya Clara na kulikalia, mahali pa marehemu baba yake. Dismas akasimama mbele yake.

"Hodi hapa. Tumeona ua kwenye bustani yenu, tumekuja kuliomba. Nimetumwa na Mzee Wilf. Zamani mlimrudisha, leo amerudi."

"Amekuja na nini?"

"Mbuzi hana. Ana kondoo."

Na kweli, Wilf alikuwa anamshusha kondoo jike kwenye tela lake, soko zima linashangaa.

"Kwanza naomba radhi kwa niaba ya marehemu baba yangu," Dorotea akasema. "Alikosea. Shangazi, huyu mtu unamfahamu?"

Clara, mwanamke wa miaka sitini na kitu, aliyekuwa akilitikisa soko kwa mdomo wake, akainamisha uso kama msichana.

"Namfahamu."

"Kondoo wake tumpokee, au tumrudishe?"

Wilf hakujua Kiswahili, lakini alijua anachosubiri.

"Mpokeeni," Clara akasema. "Mpokeeni, baba."

Dorotea akashindwa kujizuia. Alimshika Dismas mkono, akamwambia asante, akarudia asante, hana neno jingine. Clara alilia kwenye bega la mumewe mpaka akatosheka. Kisha akajifuta kwa mkono wa koti, akamwinua Dorotea na kulikalia kreti mwenyewe.

"Haya, Dismas. Wapigie wazee wako wa Markham. Waambie nakuja Toronto kukaa kwenye kiti cha kaka yangu, na waje wamejipanga."