Aliyeitika Badala ya Evance

“Huyo anayemwita si Mungu, mama, ni jini la ziwani!” Debora aliniambia hivyo mbele ya majirani wote wa hapa Makoko, uso mkavu. Mkwe wangu huyo, mke wa Evance, mdomo anao, mjukuu wangu Prudence. Nikamuuliza, “Jini gani linamtuma mtu akahubiri?” Akasema, “Mimi sikuolewa na mwinjilisti.”

Maana mwanangu Evance alikuwa anaitwa. Anageuza dagaa kwenye mchanga, jua kali, anasikia jina lake. Akigeuka, hakuna mtu. Mzee Yusto wa kanisani akamwambia, “Ni Bwana huyo. Butiama wamekaa bila mhubiri. Mwitikie.” Evance akacheka: “Na dagaa zangu atageuza nani, mzee? Malaika?” Anacheka, lakini usingizi alikuwa hapatagi.

Debora akampeleka kwa mganga, huko mbele ya Bunda kwenye mapamba. Mganga akawaonya: “Nikifunga hii sauti, jina lake litabaki halina mwenyewe. Lolote linalopita linaweza kuliokota.” Debora akasema, “Funga tu.” Evance akapakwa dawa masikioni, akapewa chungu akakifukie chini ya kizingiti.

Wakarudi. Sauti haimwiti tena. Siku hiyo Debora akanipikia samaki sato mzima, anionyeshe kwamba ameshinda.

Kitu kidogo tu nikakiona. Nilimwita, “Evance!” hapa hapa karibu, hakugeuka. Nikisema “wewe,” anasikia. Redio anasikia, kuku anasikia. Jina lake tu ndiyo hasikii.

Halafu mchana mmoja Debora anasonga ugali uani, akasahau kwamba jina halimfikii, akaita, “Evance, njoo ule!”

Chumbani ikaitika: “Naam.”

Sauti yake kabisa. Na Evance mwenyewe namwona kule chini ufukweni, ameinama kwenye dagaa. Mwiko ukamtoka Debora mkononi. Akaninong’oneza, “Mama, nani yuko ndani?”

“Usiite tena,” nikamwambia.

Tukasikia kitanda kinalia kama mtu anaamka, na harufu ikatoka, harufu ya tope la chini kabisa ya ziwa, lile lisiloonaga jua, ikaja mpaka tulipokaa, na pazia la mlangoni likasogea kidogo likabaki hivyo hivyo, kama mtu amelishika kwa ndani, anasikiliza kama tutaita tena.

Mzee Yusto akaja, akafukua chungu, akakivunja, akaomba mpaka sauti ikakauka. Evance akapiga magoti mchangani analia, “Niite tena, Bwana, nitaenda. Niite.” Na akaitwa. Safari hiyo hata sisi tulisikia, jina lake, taratibu, kama mama anavyoita mtoto aliyelala, Evance akafungua mdomo, na kabla neno halijatoka, nyuma yetu, ndani ya nyumba, ikaitika, “Naam, Bwana. Nipo. Naenda,” na mlango wa nyuma ukafunguka, tukakimbia kuangalia, hakuna mtu, nyayo tu, zimelowa maji, zinaelekea barabarani.

Mungu hakudanganyika, hilo najua. Wanaodanganyika ni watu.

Sasa mdogo wangu Hana amenipigia kutoka Butiama, anashangilia: “Dada, hongera! Evance amefika, anahubiri mpaka watu wanalia, na watoto anawawekea mikono. Ila ananuka tope kidogo, na miguu yake haikaukagi.” Na Evance si huyo unamwona hapo anageuza dagaa? Mwite uone. Hata kichwa hainui, jina limeshachukuliwa.

Nimemwambia Hana, ananijibu nimezeeka. Wewe kesho si unapita Butiama? Mwambie Hana kwa mdomo wako, Prudence: Evance yuko Makoko, hajatoka. Na huyo anayewawekea watoto mikono, asimwite kwa hilo jina. Akimwita, ataitika. Mwambie, na yeye awaambie wenye watoto.