Chupa ya Maji ya Lodwar

"Ibadilishe kabla hajapanda jukwaani."

Ilikuwa sauti ya Katunge, mkuu wake katika upelelezi, ndani ya kifaa cha sikioni. Mutuma alikuwa tayari anaruka ngazi za hoteli mbili mbili.

Ukumbini, wawekezaji wa Toronto walikuwa wanaamua kama watajenga kiwanda cha samaki Lodwar. Mafuta yalikuwa yamegunduliwa, barabara ilikuwa njiani, mji ulikuwa unaanza kuchangamka. Dressler, mfanyabiashara wa mafuta, alitaka wakimbie, ili visima vya mafuta na ardhi avipate kwa bei ya kutupa. Ndiyo maana alikuwa ametia sumu kwenye sampuli ya maji ya mji huo.

Mlinzi wa mlango wa nyuma aligeuka.

Bastola ya umeme ya Mutuma ililia mara moja. Mlinzi akalala.

Nyuma ya jukwaa, Mutuma akaichukua chupa ya Dressler, akaacha pale nyingine iliyofanana nayo, yenye maji halisi ya Lodwar.

Kwenye ujia, mwanamke mwenye suti ya bluu alimzuia.

"Lokwang? Ni mimi, Akiru. Mama zetu walichota maji pampu moja."

Lokwang ndilo jina alilozaliwa nalo.

"Umenifananisha, dada. Mimi ni Mmeru."

Kazi haikumlazimisha kusema hivyo. Alikuwa akisema hivyo tangu chuoni, wenzake walipowacheka watu wa kaskazini, Waturkana wa Lodwar kama yeye. Uso ulimwaka kwa aibu.

"Samahani basi," Akiru alisema, akaingia ukumbini.

Jukwaani, Dressler aliinua chupa. "Haya ndiyo maji ya Lodwar. Nani atathubutu kuyanywa?"

Mzee Sultanali, mwenyekiti wa wawekezaji kutoka Mississauga, jirani na Toronto, alivua miwani. "Iko mtu ya Lodwar hapa? Aseme kweli."

Mutuma, nyuma kabisa, alijua maji yale ni salama. Ilibaki kusimama tu. Akabaki ameketi, kichwa chini.

Akiru akasimama. Yeye hakujua kwamba chupa imebadilishwa.

"Mimi natoka huko. Nimelelewa na maji hayo."

Akanywa mpaka nusu. Dressler alimkodolea macho, jasho likimtoka.

"Wewe nangoja nini?" Sultanali akamuuliza. "Nangoja yeye anguke?"

Dressler alikimbilia mlangoni. Polisi wawili walikuwa wanamsubiri. Mutuma akawakabidhi chupa yenye sumu.

"Kazi safi," Katunge alisema sikioni. "Kuna aliyekutambua?"

Ng'ambo ya ukumbi, Akiru alikuwa anamtazama.

"Hakuna," Mutuma alijibu. Akafunga vifungo vya koti, akatoka taratibu, asithubutu kugeuka.