Mifuko Iliyokunjwa Pembe

Kila Jumamosi, akishafua sare zake za shule, Chapuchapu alimfuata mama yake kwenye kibanda cha mabati nyuma ya kiwanda cha gundi ya vigae. Jina hilo alibandikwa na baba yake, maana kila kazi aliifanya haraka haraka, na nusu yake ilibidi irudiwe na mtu mwingine. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na wala jina halikumuudhi.

Gundi yenyewe ni unga wa kijivu ambao fundi huuchanganya na maji, na ukikauka umeshakuwa jiwe. Zamani uliuzwa kwenye mifuko ya karatasi iliyobandikwa nailoni ndani. Mifuko ile ikishatumika haikufaa kwa lolote. Ilichomwa nyuma ya ukuta, na moshi wake uliwakohoza watu mtaa mzima. Mama alibisha hodi ofisini kwa miaka miwili, akiomba mifuko ya karatasi peke yake, isiyo na nailoni, ambayo kiwanda cha karatasi kingeweza kuitengeneza upya. Mwishowe mwenye kiwanda cha gundi akakubali shingo upande: majaribio ya miezi mitatu, basi.

Sharti lilikuwa moja tu, mfuko usirudi na gundi ndani. Wanawake sita wa kibandani, wamevaa barakoa, waliugeuza kila mfuko uliorudishwa na mafundi, wakaupiga mara tatu kwenye nguzo, wakachungulia ndani, kisha wakaukunja pembe. Pembe ikikunjwa, mfuko ni safi, na hakuna aliyeuangalia tena.

Jumamosi moja, wanawake wengine wakiwa wameshaondoka, Mama aliitwa ofisini, akamwachia Chapuchapu mifuko hamsini. Nje ya ukuta wenzake walikuwa wakicheza mpira wa pete na kumwita. Alikung'uta mifuko kumi, mkono ukamuuma. Ile arobaini iliyobaki aliikunja pembe tu, akaifunga matita mawili. Kamba zilikuwa zimekwisha, kwa hiyo alitumia vitambaa vya buluu.

"Kama kuna gundi, ni kijiko tu," alijiambia, akatoka mbio.

Jumanne, akitoka shule, alilikuta lori kibandani limejaa mifuko ileile, imerudishwa. Kwenye kiwanda cha karatasi mifuko hulowekwa kwenye tangi kubwa la maji. Matita machache ya kwanza yalipotiwa, gundi iligandia humo na kuvunja kisu cha mashine, na mzigo wote ukakataliwa.

"Nilijua tu!" mwenye kiwanda alifoka. "Wiki ijayo tunarudi kwenye nailoni. Hiki kibanda nakifunga."

Alipoondoka, wanawake wakaanza kutafuta mchawi. Macho yote yakaishia kwa Bibi, mkongwe wao, ambaye siku hizi alitia uzi kwenye sindano kwa kubahatisha.

"Bibi, au ni wewe?" mmoja aliuliza.

"Labda ni mimi, wanangu," Bibi alijibu polepole. "Siku hizi naona ukungu ukungu. Labda ni mimi kweli."

Akavua barakoa yake, akaikunja vizuri, akaenda zake. Chapuchapu alitaka kusema neno. Aliona aibu, na bado alinyamaza.

Jioni Mama alipakua chakula, mwenyewe asile. "Miaka miwili nimebisha mlango ule," alisema. "Imekwisha. Watachoma tena, na sisi sita tutakaa nyumbani." Hakulia, na hilo lilimtisha binti yake zaidi ya kilio.

"Mama, si Bibi. Ni mimi. Mifuko arobaini sikuikung'uta. Ni yale matita yenye vitambaa vya buluu."

Mama alimkazia macho. "Ulimwona Bibi akiondoka?"

"Nilimwona."

"Na ukanyamaza."

Asubuhi, kabla ya shule, walisimama wawili mbele ya meza ya mwenye kiwanda. Chapuchapu alieleza yote.

"Asante kwa kusema kweli, binti," yule bwana alisema. "Lakini kisu kimeshavunjika."

"Bosi, sasa tunajua gundi ilitoka wapi," Mama alisema. "Matita yote mengine tutayafungua mbele yako. Ukikuta hata chembe, funga kibanda leo leo."

Alikubali kwa kuchoka tu. Wanawake walifungua matita siku nzima. Gundi ilikuwa kwenye lile la buluu lililobaki peke yake. Kiwanda cha karatasi kikatuma mkaguzi, akaingiza mkono mfuko baada ya mfuko, akauchukua mzigo. Mwenye kiwanda alikubali majaribio yamalizike. Ya baada ya hapo hakutaka kuyasema. Na watoto wakapigwa marufuku kugusa mifuko.

Chapuchapu na mama yake walikwenda kwa Bibi kuomba radhi. Bibi alicheka. "Kumbe macho yangu mazima! Haya, yameisha, mjukuu wangu." Kesho yake akarudi kazini.

Lakini Jumamosi iliyofuata, Chapuchapu akiwa amesimama mlangoni, alimwona Bibi akiupiga mfuko mmoja mara sita, akiuchungulia, akiupiga tena. Rundo lake lilikuwa dogo kuliko yote.

"Mjukuu wangu, hebu niangalizie," Bibi alimwomba.

Chapuchapu alichungulia. "Ni safi, Bibi."

"Una hakika?" Akaupeleka tena kwenye nguzo.

Njiani kurudi nyumbani msichana aliuliza, "Mama, si nimeshamwambia kosa lilikuwa langu?"

"Umemwambia, na ulifanya vizuri," Mama alijibu. "Mifuko tuliikagua upya kwa siku moja. Bibi kuyaamini tena macho yake, sijui itachukua muda gani, na sijui kama atayaamini tena. Ukikwepa kazi yako, mwanangu, lawama humwangukia mtu mwingine, na mara nyingi ni yule asiyeweza kujitetea."